Cheti kilipita milango mingapi? Kisa cha vyeti feki katika utumishi wa umma Tanzania

Ijumaa ya tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri wa Utumishi wa wakati huo, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais John Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliohakikiwa walizidi 400,000. Wenye vyeti halali walikuwa 376,969, zaidi ya asilimia 94. Waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Vyeti 1,538 vilikutwa vikitumiwa na watumishi 3,076, na wengine 11,596 walikuwa na vyeti pungufu: vya taaluma wamewasilisha, vya kidato cha nne au cha sita havikuonekana.

Rais aliagiza hao 9,932 waondoke kazini, mishahara yao ikatwe na majina yao yatangazwe hadharani. Atakayeondoka mwenyewe kabla ya tarehe 15 Mei aachwe aende zake. Atakayeng'ang'ania afikishwe mahakamani. Siku chache baadaye orodha zilikuwa zikisomwa magazetini na kwenye simu, halmashauri kwa halmashauri, kada kwa kada. Watu wakawa wanatafuta jina la jirani, la mwalimu wa mtoto, la nesi wa zahanati ya kijijini.

Kisa hiki kimebaki midomoni kama habari ya wadanganyifu waliokamatwa. Ni kweli walidanganya, na sina nia ya kuwatetea kwa hilo. Lakini ukikaa nacho upande wa afisa utumishi, swali linakuwa jingine. Mtu hajiajiri serikalini. Kila mmoja wa hao 9,932 aliandikiwa barua na mwajiri, akasaini fomu mbele ya ofisa, akaingizwa kwenye orodha ya mishahara, akathibitishwa kazini, na wengi wao wakapandishwa daraja zaidi ya mara moja. Kazi zote hizo ni za idara ya utumishi. Cheti kimoja cha kughushi kilipita mikononi mwa watu wengi waliolipwa ili wakitazame. Kwa hiyo nakisoma kisa hiki kama somo la misingi ya usimamizi wa rasilimali watu, tangu kuomba kazi hadi kuagana, kwa sababu misingi hiyo yote ilijaribiwa humo.

Ndani ya jalada

Tuanze na kitu ambacho wengi hawajawahi kukishika: jalada binafsi la mtumishi. Ni faili la kadi ngumu linalokaa masijala. Juu kuna jina na namba ya jalada, ndani karatasi zimetobolewa na kupangwa kwa namba, moja, mbili, tatu, kila barua ikiongezwa juu ya iliyotangulia. Chini kabisa, mahali ambapo ofisa hafiki asipopekua kwa makusudi, ndipo penye barua ya maombi, fomu ya taarifa binafsi, fomu ya daktari, cheti cha kuzaliwa na nakala za vyeti vya shule.

Sasa tazama nakala yenyewe. Ni fotokopi ya cheti cha kidato cha nne, na pembeni ina muhuri wa hakimu au wakili unaosema kwamba ni nakala halisi. Muhuri huo ndio uliowapumzisha watu kwa miaka mingi. Ofisa akiuona, moyo unatulia: hiki kimethibitishwa. Lakini hakimu alithibitisha nini? Alithibitisha kwamba fotokopi inafanana na karatasi aliyoonyeshwa. Hakuwa na namna ya kujua kama karatasi ile ilitoka Baraza la Mitihani au ilichapwa kichochoroni. Karatasi ya kughushi ikitolewa nakala vizuri, nakala yake inafanana nayo sawasawa, na muhuri unagongwa bila hakimu kusema uongo wowote.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Kila ofisi ilitegemea kuwa ofisi iliyotangulia imeshaangalia. Chuo cha uuguzi au cha ualimu kilimpokea mwanafunzi kwa nakala yenye muhuri. Mwajiri akasema, huyu amehitimu chuo cha serikali, bila shaka chuo kilihakiki. Ofisa wa mishahara akasema, ana barua ya ajira, bila shaka mwajiri alihakiki. Kamati iliyomthibitisha ikasema, yuko kwenye orodha ya mishahara, bila shaka kila kitu kiko sawa. Kadiri mtumishi alivyosogea mbele, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwa mtu yeyote kumrudisha nyuma na kumuuliza swali la kwanza.

Na jibu la swali hilo lilikuwepo muda wote. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa 1973, na kazi yake ni kusimamia mitihani na kutunza matokeo. Kila cheti kina namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka. Vitu hivyo vitatu vikipelekwa Baraza, vinaonyesha jina la aliyefanya mtihani na alama alizopata. Ndivyo uhakiki ulioanza Oktoba 2016 ulivyofanyika: watumishi waliwasilisha vyeti kwa waajiri, waajiri wakavipeleka Baraza, rekodi zikalinganishwa. Hapakuhitajika mpelelezi wala mtambo wa ajabu. Mwajiri angeweza kuuliza wakati mtu anaripoti kazini siku ya kwanza.

Kundi la vyeti 1,538 linahitaji maelezo yake, kwa kuwa pale cheti chenyewe ni cha kweli. Kilichokosekana ni kujua mwenyewe nani. Ndugu amefaulu, mwingine hakufaulu. Cheti kinaazimwa, jina linaazimwa pamoja nacho, na mtu anaishi utumishini miaka yote akiitwa kwa jina ambalo nyumbani kwao hakuna anayelijua. Wapo pia waliorudia darasa la saba kwa jina la mwanafunzi mwingine, jambo lililokuwa la kawaida katika shule nyingi za msingi, wakaendelea sekondari na jina hilo. Afisa utumishi anayejua kazi yake hukutana na mambo haya kila siku: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile, kitambulisho nacho kina lake. Kila tofauti inadai hati ya kiapo, hati ya kubadili jina, maelezo ya maandishi. Tofauti zinazoachwa "tutazishughulikia baadaye" ndizo zinazokuja kulipuka mtu akiwa na miaka 25 kazini.

Watu walihitajika kwa haraka

Haitoshi kusema maofisa walizembea. Uzembe una mazingira yake, na mazingira ya ajira nyingi za miaka ya 2000 yalikuwa ya kukimbizana. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Watoto wakafurika madarasani na walimu wakatafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka 2004 ukafuata wa sekondari, MMES, na sekondari za kata zikachipuka kila mahali. Mwaka 2007 ukaja mpango wa afya ya msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yalijengwa kwa nguvu za wananchi, kisha yakahitaji watu wa kuingia ndani. Wahitimu wa ualimu na afya walikuwa wakipangiwa vituo moja kwa moja, bila usaili wa kutosha au bila usaili kabisa, kwa kuwa mahitaji yalikuwa makubwa kuliko waliopo.

Kazi ya kwanza ya idara ya utumishi ni ikama: kujua una watu wangapi, unahitaji wangapi, wa kada gani, na utawapata lini. Ikama ikiandaliwa kwa uangalifu, mwajiri anapata muda wa kuchagua na kuhakiki. Ikiandaliwa kwa kukurupuka, anayefika na karatasi yoyote anapokelewa, na ofisa anayesema "subirini kwanza tuulize Baraza" anaonekana anachelewesha maendeleo ya wilaya. Mkurugenzi ana shule isiyo na mwalimu wa hesabu, diwani anapiga simu, wazazi wanalalamika. Mazingira ya namna hiyo humfanya hata mtu mwaminifu afunike kombe.

Mabadiliko ya sheria ya 2007 yalileta Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na chombo hicho kikaanza kazi 2010. Kabla yake, ajira nyingi zilikuwa mikononi mwa mamlaka mbalimbali, kila moja na utaratibu wake wa kuhakiki au kutohakiki. Kukusanya ajira sehemu moja kulisaidia, kwa maana ya kuwa na mlango unaojulikana na wenye kanuni moja. Lakini walioingia kabla walikuwa tayari ndani, na majalada yao yalikuwa yametulia masijala.

Uhakiki ulianza na watumishi hewa

Uhakiki wa vyeti haukuibuka wenyewe. Machi 2016, Rais Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 kubaini watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila kuwa na mtu anayefanya kazi: aliyefariki, aliyestaafu, aliyeacha kazi, au ambaye hakuwahi kuwepo. Mkoa wa Shinyanga ulitoa taarifa kwamba hauna hata mmoja. Ukaguzi wa awali ukakuta 45, na mwezi uliofuata mkuu wa mkoa akaondolewa. Kufikia 2017, walioondolewa kwenye orodha ya mishahara nchi nzima walikuwa zaidi ya 19,000.

Nakitaja kisa cha Shinyanga kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo kila taasisi inaweza kujipima nalo leo mchana. Mkuu wa taasisi akiuliza "tuna wafanyakazi wangapi?", jibu linatoka wapi? Masijala ina hesabu yake ya majalada. Mhasibu ana hesabu yake ya mishahara. Wakuu wa idara wana hesabu yao ya watu wanaoonekana kazini. Hesabu hizo tatu zikitofautiana, mtumishi hewa yuko katikati yao. Serikali ilikuwa tayari imeingiza mfumo wa kompyuta wa taarifa za watumishi na mishahara, ambao watumishi wengi waliujua kwa jina la Lawson, na mfumo ulirahisisha mengi. Lakini mfumo unatunza unacholishwa. Mkuu wa shule asipotoa taarifa kwamba mwalimu fulani ameacha kazi, kompyuta itaendelea kumlipa kwa uaminifu kila mwezi.

Gharama ya kuchelewa kufanya usafi ilibebwa na wasio na kosa. Tangu katikati ya 2016, ajira mpya na upandishaji wa madaraja vilisimamishwa kupisha uhakiki, na kusimama huko kulivuka mwaka mzima. Mwalimu mwenye cheti chake halali, aliyefikisha muda wa kupanda, alibaki daraja lile lile. Muuguzi aliyetoka masomoni na stashahada alisubiri kubadilishiwa kada. Asilimia 94 walisubiri ili asilimia chache wapatikane. Madaraja yaliyocheleweshwa yanafuatana na mtu hadi kwenye kikokotoo cha pensheni, kwa hiyo wapo watakaoilipia miaka ile hata baada ya kustaafu.

Miaka 20 na hakuna aliyejua?

Kuna swali ambalo wananchi waliuliza kwa mshangao wa haki kabisa: mtu amefundisha au ametibu miaka 15, 20, na kazi anaiweza, cheti kina maana gani basi?

Nina jibu la sehemu mbili. Wengi kati ya walioondolewa walikuwa na mafunzo ya taaluma. Walikaa chuoni, wakafanya mazoezi ya vitendo, wakafaulu mitihani ya chuo. Kilichoghushiwa ni cheti cha kidato cha nne kilichowafungulia mlango wa chuo. Ujuzi wao ulikuwa wa kweli, na wagonjwa waliowahudumia walipona kweli. Lakini nafasi ya chuo ina ushindani. Aliyeingia kwa alama za kuchora alimwacha nje mtu mwenye alama zake, na huyo aliyeachwa nje hakuna orodha iliyowahi kumtaja.

Sehemu ya pili inawahusu waajiri. Kama tunasema fulani alikuwa mtumishi hodari, ushahidi uko wapi? Utumishi wa umma ulikuwa na mfumo wa wazi wa kupima utendaji, OPRAS, ulioanza kutumika 2004. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa mwanzoni mwa mwaka wakakubaliana malengo, wakutane katikati ya mwaka, wafunge hesabu mwishoni. Kwa vitendo, sehemu nyingi fomu zilijazwa kwa mkupuo pale tu mtumishi alipokaribia kupanda daraja, zote kwa kalamu moja, na alama zikafanana kutoka kwa mtu hadi mtu. Fomu ya namna hiyo haikuweza kumtofautisha hodari na mvivu, wala haikuweza kumwibua mtu ambaye kazi ilikuwa imemzidi kimo. Kwa hiyo cheti kilibaki kuwa kitu pekee chenye uzito ndani ya jalada, na kilipoporomoka, hapakuwa na kingine cha kushika. Mfumo mpya wa kidijitali, PEPMIS, umechukua nafasi ya OPRAS. Utafanya vizuri zaidi iwapo msimamizi atakaa na mtu wake na kuzungumza naye kuhusu kazi. Asipofanya hivyo, alama zilizokuwa zikijazwa kwenye karatasi zitajazwa kwenye kompyuta.

Kipindi cha majaribio nacho kilipotezwa bure. Mtumishi mpya wa umma hukaa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Miezi hiyo imewekwa kwa ajili ya mambo mawili: kumwona mtu akifanya kazi, na kukamilisha uhakiki wa kila karatasi aliyoleta. Ni wakati ambapo kugundua kosa hakumuumizi mtu sana. Amekaa mwaka mmoja, hajakopa benki kwa dhamana ya mshahara, hajajenga. Mahali pengi barua ya kuthibitishwa ilitoka kwa sababu miezi imetimia tu. Kama ningeruhusiwa kubadili jambo moja tu katika kisa hiki, ningebadili hapo: barua ya kuthibitishwa isisainiwe mpaka majibu ya Baraza yawe ndani ya jalada, yakiwa na namba yake ya ukurasa.

Namna ya kuagana

Kumwondoa mtu kazini ni sehemu ya usimamizi wa watu sawa na kumwajiri, na ndiyo inayoonyesha mwajiri ni mtu wa aina gani. Kwa kawaida mtumishi anayetuhumiwa hupewa hati ya mashtaka, anajibu kwa maandishi, anasikilizwa, kisha uamuzi unatolewa naye anaambiwa haki yake ya rufaa. Katika kisa hiki hoja ya serikali ilikuwa kwamba ajira iliyopatikana kwa udanganyifu ni batili tangu mwanzo, hivyo hakuna ajira ya kuivunja. Hoja hiyo ina nguvu kisheria. Ugumu wake ni kwamba inasimama pale tu ambapo una uhakika cheti ni cha kughushi, na uhakika huo unapatikana kwa kumsikiliza mwenye cheti.

Orodha iliyotangazwa ilitoa nafasi ya rufaa kupitia waajiri, na baadhi waliokata rufaa walionekana kuwa na vyeti halali wakarudi kazini. Makosa ya kunakili namba, majina yaliyobadilika baada ya ndoa, cheti cha mwaka mmoja kilichotafutwa kwenye rekodi za mwaka mwingine: vitu vya kawaida kabisa kwenye zoezi kubwa. Lakini jina lilikuwa limeshasomwa na kijiji kizima. Rufaa ilipaswa kutangulia tangazo. Wiki tatu za barua za siri kwa wahusika zisingemwokoa hata mdanganyifu mmoja, na zingewaepusha watu wasio na hatia kuitwa wezi mbele ya watoto wao.

Huduma nayo ilitikisika. Afya na elimu, sekta zenye watumishi wengi vijijini, ndizo zilizoguswa zaidi. Zahanati yenye wahudumu wawili ikiondokewa na mmoja, huyo aliyebaki anazalisha, anachanja, anagawa dawa na kuandika ripoti. Serikali ilitoa kibali cha kuajiri watumishi zaidi ya 10,000 kuziba mapengo, lakini kati ya kibali na mtu kushuka kwenye basi na begi lake kuna miezi. Mpango wa kuziba pengo hutengenezwa kabla ya pengo kufunguliwa. Mkaguzi akisema ana majina, swali la kwanza la afisa utumishi linapaswa kuwa nani atashika zamu ya usiku Jumatatu.

Kisha kuna suala la darasa la saba, ambalo lilichanganywa na vyeti feki na likawaumiza watu wasiodanganya. Serikali iliweka elimu ya kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuajiriwa, na mstari ukachorwa tarehe 20 Mei 2004. Madereva, wahudumu, walinzi na watendaji walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo kwa elimu ya darasa la saba walikuwa wameingia kihalali. Hawakuwahi kudai kuwa na cheti ambacho hawana. Baadhi yao walisombwa na wimbi lile lile. Aprili 2018, serikali ililiambia Bunge kwamba waliokuwa wameajiriwa kabla ya tarehe hiyo warejeshwe, isipokuwa waliowasilisha vyeti vya kughushi. Walirudi baada ya miezi bila mshahara. Ofisa mwenye jalada mbele yake angeona tarehe ya ajira kwenye ukurasa wa kwanza.

Fedha ya nani?

Walioondoka 2017 waliondoka mikono mitupu, hata michango yao ya mifuko ya pensheni wakiwa wameikosa. Vyama vya wafanyakazi vililisemea jambo hili kwa miaka. Oktoba 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ilitangaza kwamba watarejeshewa michango waliyokatwa wenyewe, malipo yakianza tarehe 1 Novemba: asilimia 5 ya mshahara kwa waliokuwa upande wa PSSSF, asilimia 10 kwa waliokuwa NSSF. Mchango wa mwajiri haukuhusika.

Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, na ulichelewa. Makato ya mfuko ni mshahara ambao mtu ameshaufanyia kazi, umewekwa pembeni kwa jina lake. Alighushi cheti, ndiyo. Lakini saa alizosimama darasani au wodini hakuzighushi. Kumfuta kazi ni adhabu inayotokana na kosa lake. Kubaki na akiba yake ni jambo jingine, lenye kuhitaji hukumu ya mahakama.

Kenya imekwenda njia nyingine kwenye tatizo lile lile. Oktoba 2022, taasisi za umma ziliagizwa kuhakiki vyeti vya walioajiriwa katika miaka kumi iliyotangulia, na Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya huko ilitoa taarifa ya vyeti 2,067 vya kughushi. Majina yalipelekwa kwa vyombo vya uchunguzi, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imekuwa ikiwafikisha wahusika mahakamani, ikidai pia warudishe mishahara waliyolipwa. Kwa upande wa utaratibu, nawapongeza kwa kuacha mahakama iseme. Kwa upande wa mishahara yote ya miaka, nasita: mwajiri aliyepokea kazi ya mtu miaka kumi, akanufaika nayo, kisha akadai kila senti, anakuwa amepata kazi ya bure kutokana na uzembe wa ofisi yake mwenyewe.

Mwajiri binafsi anayesoma haya asidhani yuko salama kwa sababu hana watu 400,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na atunze kumbukumbu hizo hadi miaka mitano baada ya ajira kukoma. Duka la dawa, shule ya binafsi, kampuni ya ulinzi, wote wanaweza kuomba uhakiki wa cheti Baraza la Mitihani, na kwa shahada za nje ipo Tume ya Vyuo Vikuu. Wengi hawafanyi. Wanamwajiri mtu kwa kuletwa na mtu, vyeti wanavitaka mgogoro ukishatokea, na mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wanafika na jalada lenye karatasi mbili.

Hesabu zilizosomwa Dodoma zilikuwa za wenye vyeti. Hazikuwa na mstari wa maofisa waliovipokea, kamati zilizowathibitisha watu bila majibu ya Baraza, wala vyuo vilivyodahili kwa kutazama muhuri. Sisemi wafungwe. Nasema halmashauri iliyokutwa na watumishi 40 wa namna hiyo na iliyokutwa na wawili hazikufanya kazi sawa, na ile ya wawili ilistahili kuulizwa ilifanyaje, ikaandikwa, na ikafundishwa kwa wengine. Takwimu za kila mwajiri zilikuwepo, kwa kuwa majina yalitangazwa yakiwa na jina la mwajiri pembeni. Kazi ya kuzichambua kwa namna hiyo bado inawezekana, na vyuo vyetu vinavyofundisha utumishi, kuanzia Chuo cha Utumishi wa Umma, vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka.